Safu ya Katikati

Juzi jioni binti wa dada yangu, yuko kidato cha kwanza, alinipa daftari lake. "Mjomba, shika, mimi nataja." Maneno 20 ya Kiingereza katika safu tatu: neno, matamshi, maana. Alipofika "determine" akatamka kama safu ya katikati ilivyoandikwa: ditamaini. Nikamwambia ni ditamin, sauti inapanda kwenye "ta". Akanionyesha alama ya vema kwa wino mwekundu. "Mbona mwalimu kanipa?"

Niliumia. Ditamaini hiyo hiyo niliibeba miaka mingi, mpaka kwenye usaili wa kazi, na hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Safu ya katikati inatuonyesha herufi, haituonyeshi mkazo. Kiswahili kimetuzoesha raha: mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Yanayokaidi ni machache, na tunajua yanavyouma. Sema baraBAra, umetaja njia ya magari. Sema baRAbara, umesema sawasawa. Herufi zile zile, maana mbili. Hakuna Mswahili anayehitaji kufundishwa kwamba mkazo ni sehemu ya neno. Kwa nini basi tunausahau tukishika Kiingereza?

Kule mkazo unahama. Picha ni FOtograf, upigaji picha ni foTOgrafi, na kitu cha kipicha ni fotoGRAfik. Ukoo mmoja, kila ndugu na mkazo wake. Sisi tunaita "category" kateGOri kwa sababu ulimi umekwenda kwao. Wenyewe wanasema KAtegori. "Record" ikiwa kumbukumbu inaanza kwa nguvu, ikiwa kitendo cha kurekodi nguvu inakwenda mwisho. Yanayoishia "-tion" tumepewa bure: eduKEshen, infoMEshen, mkazo uko pale pale tulipouzoea. Mtoto akiambiwa hili tu, amepata mamia ya maneno kwa siku moja. Sijaona daftari lililomwambia.

Wala mtoto asione kichwa chake kizito. Mchapishaji wa kwanza wa Uingereza, William Caxton, alipoweka mtambo wa kuchapa huko Westminster mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda huku midomo ya watu ikiendelea kubadilika. "B" ya "debt" ilichomekwa na wasomi ili neno lifanane na Kilatini. Haijawahi kutamkwa.

Maana nayo ina mitego yake: "eventually" ni hatimaye, si labda.

Haya, kukariri orodha kunavusha mtihani, hilo siwezi kubisha. Lakini neno ulilolikariri bila sauti hulitambui likipita sikioni, na mwalimu wa fizikia anafundisha kwa Kiingereza kuanzia wiki ya kwanza. Mtoto anaketi pale, neno analijua, na halisikii. Hapo ndipo ninapotaka tukasirike. Kamusi nzuri zinaweka kijistari kidogo juu, kabla ya silabi yenye mkazo. Walimu, kinakilini kijistari hicho ubaoni.

Tulichukua penseli, tukapitia yote 20 tukipigia mstari silabi, naye akigonga meza kila mkazo ulipoangukia. Jana kanijia na neno lisilokuwamo kwenye orodha, "comfortable". Nikamwambia agonge kwanza.

Akagonga ya mwanzo.