Idara ya Menejimenti Ipimwe kwa Anayefundisha

Idara nyingi za menejimenti hujinadi kwa wingi wa programu zake: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu, na kozi fupi za watu walio kazini. Kwa maoni yangu, anayeomba kujiunga angeanza kwa kuuliza ni nani atakayesimama mbele ya darasa, maana tangu fani hii iingie vyuoni mvutano wake mkubwa umekuwa juu ya mtu huyo.

Mwaka 1881, Joseph Wharton, tajiri wa viwanda vya madini, alikipa Chuo Kikuu cha Pennsylvania dola 100,000 ili vijana wasomee biashara na fedha chuoni badala ya kuokoteza ujuzi kazini. Mwaka 1908 Harvard ilianzisha shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara, na miongoni mwa waliohadhiri pale miaka ya mwanzo alikuwa Frederick Taylor, mhandisi aliyepata hoja zake kwenye karakana za chuma. Mambo yaligeuka mwaka 1959, zilipotoka ripoti mbili zilizogharimiwa na taasisi za hisani, moja na Ford Foundation na nyingine na Carnegie Corporation, ripoti zote mbili zikilaumu mafunzo ya biashara ya Marekani kwa udhaifu wa kitaaluma. Vyuo vikaitikia kwa kuajiri wanauchumi, wanasaikolojia na wanahisabati wenye shahada za uzamivu.

Sibezi hata kidogo walichokileta. Bila wao, somo la tabia ya watu kazini lingebaki maoni ya wakubwa wa viwanda. Ila tangu hapo makala zilizochapishwa katika majarida ya kitaaluma zimekuwa na uzito mkubwa mno katika kumpandisha mtu kutoka mhadhiri hadi profesa, na mhadhiri anayetumia jioni zake kusahihisha kazi za wanafunzi kwa makini hana cha kuonyesha mbele ya kamati.

Hasara yake huonekana darasani, hasa katika ufundishaji wa visa halisi ambao Harvard iliusimika katika miaka ya 1920. Kisa ni hiki: msimamizi wa zamu ana fundi hodari anayechelewa kila Jumatatu. Mwanafunzi anajibu upesi kwamba afukuzwe. Mhadhiri aliyewahi kusimamia watu hamwachi hapo. Anamtaka aseme barua ya onyo itaandikwaje, nani ataishika mashine siku hiyo, na wenzake fundi wataambiwa nini. Asiyewahi kusimamia watu anaweza kuyauliza hayo pia, mradi amepewa muda wa kujiandaa na idara inayouthamini muda huo.

Kwa hiyo ningependa kila idara, kabla ya kuongeza programu, ihakikishe kwamba ina wahadhiri wa kudumu wa kuibeba, iajiri watu waliowahi kuendesha taasisi wafundishe bega kwa bega na watafiti, na iweke ubora wa ufundishaji katika vigezo vya kupandisha vyeo kwa uzito uleule wa machapisho.