Elfu Mbili Yangu

Elfu mbili. Msinicheke. Najua wapo ambao elfu mbili ikiwadondoka hawainami, lakini mimi nimeinama tangu asubuhi na mgongo bado haujanyooka.

Kosa ni la jumuiya. Jumamosi tulisoma Luka sura ya 18, yule mjane aliyemwandama hakimu kila siku mpaka hakimu akaona bora ampe haki yake apumue. Na hakimu mwenyewe hamchi Mungu wala hajali mtu. Tukaambiwa tusichoke kuomba. Tukaitikia amina nzito, amina ya watu wanaodaiwa kodi.

Basi leo nikapanda daladala Gongo la Mboto. Nilipita mlangoni, maana dirishani magoti yameshakataa. Nikatoa noti ya elfu tano. Konda akanipa elfu mbili na sarafu, akasema, "Elfu mbili nyingine ipo, mzee wangu, tulia." Hakimu wa kwenye Luka angalau hakujificha. Huyu kwenye kioo cha nyuma kaandika MUNGU KWANZA.

Banana nikaomba, kistaarabu kabisa: "Kijana, ile chenji." "Ipo." Uwanja wa Ndege nikaomba. "Mzee, si nimeshasema ipo?" Kipawa nikaomba, akatoa kichwa nje akaita abiria ambao hawakuwepo. Vingunguti nikamgusa bega. Akageuka: "Vipi mzee, unadhani nitahama mji kwa elfu mbili yako?" Gari zima likacheka. Wakacheka hata waliokuwa wanamdai! Ndipo nilipomwonea wivu yule mjane. Yeye alikuwa na hakimu tu. Hakuwa na watu arobaini waliobanana wanamwambia, "Mama nawe, mwache mtoto afanye kazi."

Tulipofika Tazara tukapanda daraja la Mfugale, lile lililofunguliwa 2018 ili tusikae foleni, likatuwahisha vizuri sana kwenye foleni ya mbele. Hapo heshima ilikuwa imeniisha. Mimi, baba wa watoto watatu, mweka hazina msaidizi wa jumuiya, nikasimama nimeshika bomba nikapiga kelele: "NAOMBA CHENJI YANGU!" Mtoto wa mtu akaanza kulia.

Kuomba kuna matunda, sikatai. Kariakoo konda akachomoa noti moja ya elfu tano, akampa mama aliyekuwa nyuma yangu. "Elfu tatu yako, elfu mbili ya huyu mzee mwenye kelele. Gawaneni." Kisha akapiga bodi, gari likaondoka.

Mnajua maana yake. Nimefungishwa ndoa na mama nisiyemjua, cheti cha ndoa ni noti, na cheti anacho yeye.

"Haya baba, tukatafute chenji."

Tukaingia Mtaa wa Kongo. Asubuhi ile nani ana chenji? "Ndo kwanza nafungua, mama." "Nunua kitu, mama." Mwenzangu macho yakatua kwenye dera. Elfu kumi na mbili, akasema muuzaji. Mama akasema elfu tatu. Nikadhani anatania.

Abrahamu alipowaombea watu wa Sodoma alianza na wenye haki 50, akashusha 45, 40, 30, 20, akafika 10, na mara kwa mara anaomba radhi kwanza. Siku zote nilidhani ule ni unyenyekevu. Leo nimeshuhudia kwamba ni Kariakoo. Mama aliondoka mara tatu akarudi mara tatu. Alimwita muuzaji mwanangu. Alilivuta dera, akalinusa, akaliuliza kama limewahi kufuliwa. Alisema ni la msiba, kisha akajisahau akasema ni la sendoff. Mimi pembeni nimeshika kikapu chake, sikumbuki nilikabidhiwa saa ngapi. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza wakati wa Vita vya Kwanza, kwa hiyo tuseme nilikuwa naenzi historia. Kijana mmoja mwenye toroli akanipigia saluti: "Mzee, mkeo kiboko!"

Bei ikagota elfu tano. Elfu tano kamili! Nikaona noti yetu inavuka meza, nikanyoosha mkono kama mtu anayeaga meli.

"Mama, elfu mbili humo..."

"Usijali baba, nipe namba, nakurushia jioni."

Jioni ndiyo hii. Nimepiga mara kumi na moja. Mara nne iliita, zilizobaki haipatikani. Mke wangu kauliza kama hizo simu napiga bure. Mwanamke huyu kwenye hesabu hana huruma.

Na siyo kwamba huku nyumbani hakuna kuomba na kuombwa. Baba mwenye nyumba nimemwomba koki tangu kabla ya mvua. Ofisi ya mtaa barua yangu iko mezani, mhuri umetoka kidogo, njoo kesho. Jirani anabisha saa sita usiku umeme wa LUKU umemwishia, na humo humo kwenye Luka, sura ya 11, yupo aliyegongewa usiku wa manane aombwe mikate mitatu. Wahubiri wote humsifia mgongaji, hakuna anayemuuliza aliyekuwa kalala.

Halafu huyu mwanangu wa mwisho. Njumu kaanza kuomba Pasaka. Nikamwambia mwisho wa mwezi, sikutaja mwezi. Alikuwa ananiuliza kila siku, nikazoea, ikawa kama redio. Leo hasemi neno. Kasimama hapo mlangoni kashika kiatu, soli imeachama, wananitazama wote wawili, yeye na kiatu.

Nimemwambia subiri, kuna mama ananirushia hela.

Ngoja. Nyamazeni. Hilo bomba si linakohoa? Likikohoa hivi yanatoka dakika ishirini tu. Ndoo ya bluu iko wapi? Nauliza, nani kachukua ndoo ya bluu?