Must Love Dogs: filamu ya talaka iliyoikimbia talaka

Sehemu bora kabisa ya Must Love Dogs, filamu ya mwaka 2005, ni ile ya kuku. Sarah Nolan, aliyeigizwa na Diane Lane, anataka kidari kimoja tu. Muuzaji anamsisitizia achukue vingi, ndiyo nafuu. Sarah anapandwa na hasira, na mtazamaji anaelewa bila kuelezwa: mtu aliyeachika ukubwani ananunua, anapika na kulala katika dunia iliyopimwa kwa watu wawili. Filamu ilikuwa imeshika jambo la kweli hapo. Kisha ikaliachia.

Sarah ni mwalimu wa chekechea, na talaka yake ina miezi minane. Dada yake Carol anamwandikia wasifu kwenye tovuti ya kutafuta wachumba bila kumwuliza, na kuweka sharti kwamba mwanamume awe mpenda mbwa. Tangazo hilo linamfikia Jake (John Cusack), mtengenezaji wa boti za mbao, naye ametoka kwenye ndoa iliyovunjika. Wanakutana bustanini, kila mmoja na mbwa wa kuazima.

Mbwa hao wa kuazima ni mali ghafi ya dhahabu. Watu wawili waliokwisha kuumizwa wanaanza upya kwa uongo mdogo unaofanana. Kichekesho cha mapenzi kinachojua kazi yake kingeubana uongo huo hadi mwisho: nani amekiri kwanza, mwingine amekasirika kwa nini wakati naye alidanganya, na je, hofu ya kudanganywa inatoka kwenye ndoa ya kwanza? Hapa mambo yanaishia papo hapo. Hali kadhalika kwa Carol. Kwetu mshenga hubeba dhamana ya maneno yake. Akisifia asichokijua, lawama humrudia. Carol ametunga maneno ya dada yake na kuyatangaza kwa wanaume asiowajua, lakini hadithi haimdai chochote.

Kosa kubwa liko kwenye kizuizi. Mwandishi wa aina hii ya filamu analazimika kujibu swali moja katika kila tukio: kwa nini hawa wawili wasiwe pamoja leo? Kwa vijana wa miaka 20 jibu laweza kuwa wazazi au safari ya masomo. Kwa watu wa miaka 40 jibu limo tayari ndani ya talaka: nyumba iliyogawanywa, mazoea ya kitandani, aibu ya kushindwa mbele ya ndugu, woga wa kumwamini mtu kwa mara ya pili. Must Love Dogs inaleta Bob, baba wa mmoja wa wanafunzi wa Sarah, mtanashati asiye na uzito, kisha inategemea sadfa: Jake anafika mlangoni wakati mbaya na kuelewa vibaya. Kizuizi hicho ungeweza kumpa msichana wa miaka 19 bila kubadilisha neno. Hata ile mbio ya kutafuta kondomu duka hadi duka, mpaka hamu ikawaishia, inachekesha kwa sababu ya gari na haraka, wakati ilikuwa nafasi ya kuonyesha jinsi mwili unavyoona haya baada ya miaka mingi na mtu mmoja.

Chanzo cha udhaifu huu kinaonekana. Gary David Goldberg, aliyeandika na kuongoza, ndiye muasisi wa Family Ties, tamthilia ya vichekesho iliyorushwa Marekani kuanzia 1982 hadi 1989. Katika kazi ya namna hiyo kila kipindi kina dakika zisizozidi 25, na mwishoni familia hurudi ilipokuwa ili wiki ijayo ianze upya. Ni ufundi mgumu na alikuwa bingwa wake. Lakini filamu inadai mhusika atoke sehemu moja afike nyingine. Hapa familia inakusanyika, inatania, inatawanyika, na Sarah yuko palepale.

Linganisha na Enough Said ya Nicole Holofcener, ya mwaka 2013. Eva anampenda Albert, kisha anagundua kwamba mmoja wa wateja anaowakanda mwili kazini ndiye mtalaka wa Albert. Badala ya kusema ukweli, anaendelea kusikiliza malalamiko: Albert akila parachichi lililopondwa, anakwepa vitunguu. Baada ya hapo Eva hawezi tena kumwangalia akila bila kuviona vitunguu hivyo. Kitunguu kimoja kinabeba ndoa nzima iliyokufa na kuipeleka kwenye meza ya penzi jipya. Tatizo hilo haliwezi kumpata mtu ambaye hajaachwa au kuacha.

Katika Must Love Dogs anayekaribia kina hicho ni baba yake Sarah, Bill, mgane anayetoka na wanawake kadhaa kwa mpigo. Christopher Plummer alikuwa na miaka 75, na anapoeleza kwamba mapenzi ya maisha yake yamekwishapita pamoja na mkewe, sauti inashuka na vichekesho vinanyamaza. Ungetegemea Sarah amuulize: na mimi, ambaye wangu yu hai ila hanitaki, nifanyeje? Hamuulizi. Filamu inampeleka majini, aruke na nguo zake kumfuata Jake, muziki upande.