Kipato cha msingi tukidai wenyewe

Tarehe 12 Oktoba 2025 jiji la Hamburg, Ujerumani, lilipiga kura ya maoni kuhusu kipato cha msingi, yaani pesa anazolipwa kila mtu mara kwa mara bila masharti. Hoja ilikuwa wakaazi 2,000 walipwe pesa kila mwezi kwa miaka 3, bila masharti, ili ionekane maisha yao yatabadilika vipi. Hoja ilianguka. Zaidi ya asilimia 60 ya waliopiga kura waliikataa. Mimi ni Mkenya ninayeishi Ujerumani na kura ile haikuwa yangu, maana ni ya raia pekee, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiiwazia. Swali halikuletwa na serikali. Lililetwa na wananchi waliozunguka wakikusanya saini, mahakama ikawazuia mara ya kwanza, wakaandika hoja yao upya na kurudi kwa watu.

Hayo hayakuanza juzi. Mwishoni mwa mwaka 2008 mama mmoja wa Greifswald, Susanne Wiest, ambaye kazi yake ilikuwa kulea watoto wa wenzake, aliandikia bunge la Ujerumani ombi kwamba kila mtu alipwe kipato cha msingi. Zaidi ya watu 50,000 walitia saini, na mwaka 2010 bunge likamwita ajieleze hadharani. Ombi halikupita, ila mjadala haukufa. Mwaka 2014 likaanzishwa shirika la michango liitwalo Mein Grundeinkommen (“Kipato Changu cha Msingi”): watu wanachanga, na kila zikifika euro 12,000 mtu mmoja anachaguliwa kwa bahati nasibu kulipwa euro 1,000 kwa mwezi kwa mwaka mzima. Michango ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyolipia utafiti ulioanza mwaka 2021, ambapo watu 122 walipokea euro 1,200 kila mwezi kwa miaka 3. Wengi walitarajia wataacha kazi. Waliendelea kufanya kazi takribani saa 40 kwa wiki, sawa na wenzao ambao hawakulipwa.

Sasa nitazame kwetu. Majaribio makubwa kuliko yote duniani ya kipato cha msingi yako Kenya. GiveDirectly, shirika la Marekani, linawalipa watu wazima wote katika vijiji walivyochagua huko Siaya na Bomet, takribani dola 22.50 kwa mwezi kupitia simu, na baadhi ya vijiji vimeahidiwa miaka 12. Watafiti wameona kwamba waliolipwa hawakulegea. Wengi walihama kutoka vibarua kwenda kwenye biashara zao wenyewe, na waliojua kwamba pesa zitakuja kwa miaka mingi waliweka akiba na kuwekeza zaidi kuliko wale walioahidiwa miaka 2 tu. Kwa hiyo ushahidi ambao Wajerumani wanahangaika kuutafuta kwa michango yao, sisi tunao nyumbani, kutoka kwa watu wetu wenyewe.

Ila ni nani aliyeuomba mpango ule? Mfadhili alikuja, kompyuta ikachagua vijiji kwa kura, na siku muda utakapokwisha hakuna mwananchi atakayeweza kwenda mahakamani kuuliza pesa zimeenda wapi. Kijiji jirani kilichokosa nacho hakina pa kulalamika. Tukumbuke pia kwamba shirika hilo hilo lilipopeleka pesa Homa Bay, familia nyingi zilizikataa, zikihofia pesa hizo zina jambo ndani yake. Wako waliowaona watu wale kuwa wajinga. Mimi naona walikuwa na haki ya kushuku: pesa za bure kutoka kwa mgeni usiyemjua lazima zitie wasiwasi. Haki unayoidai mwenyewe haikutishi.

Sisi tulio nje ndio tunaopaswa kulisema hili kwa sauti kubwa. Mwaka 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Ninatuma kwa moyo wote na nitaendelea kutuma. Lakini pesa hizi zinafuata damu. Mzee mwenye mtoto nje anapata dawa, jirani yake asiye na mtu nje anakaa na maumivu yake, na wote wawili ni raia wa nchi moja. Huku niliko, mwaka 2025 mzazi alilipwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto, awe tajiri au maskini, na sijasikia mtu akiona aibu kuzipokea. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwetu.

Tusiseme hatuna pa kuanzia. Kifungu cha 43 cha katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Kifungu cha 119 kinamruhusu yeyote kupeleka ombi bungeni. Tayari Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, inawalipa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, na mara nyingi huchelewa, lakini imeonyesha kwamba serikali inaweza kumlipa raia kwa sababu ya umri wake tu, bila kumpekua umaskini wake. Na kuhusu nguvu ya watu, Juni 2024 vijana waliandamana hadi Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, ukaondolewa, na baadhi yao walilipa kwa uhai wao. Nchi yenye vijana wa namna hiyo haiwezi kusema wananchi wake hawajui kujipanga.

Atakayeuliza pesa zitoke wapi ana haki ya kujibiwa, na ndiyo maana sipendekezi tuanze na kila mtu kwa siku moja. Tuanze na ombi moja bungeni: umri wa kulipwa ushuke kutoka 70 hadi 65, malipo yatolewe kila mwezi bila kuruka, na watoto wa chini ya miaka 3 waingizwe kwenye daftari. Saini zikusanywe sokoni, makanisani, misikitini na kwenye vikundi vya akiba, na walio Siaya na Bomet waitwe mbele ya kamati ya bunge waeleze wenyewe walichokifanya na pesa zao. Sisi wa nje tuchangie usafiri wao.