Vazi la Manyoya la Nabii

Kuna mstari katika kitabu cha Zekaria ambao sijawahi kuusikia ukihubiriwa. Ni sura ya 13, mstari wa 4: siku inakuja ambapo manabii wataona aibu kwa maono yao, wala hawatavaa tena vazi la manyoya ili kudanganya. Kila nikiusoma nasimama hapo penye manyoya. Kwa nini mwongo achague nguo hiyo?

Kwa sababu ya Eliya. Mfalme Ahazia alipoanguka na kuumia huko Samaria, alituma wajumbe wakaulize kwa mungu wa Ekroni kama atapona. Wakarudishwa njiani na mtu wasiyemjua. Mfalme akauliza yukoje mtu huyo. Wakamweleza: ana manyoya, na kiunoni amejifunga mshipi wa ngozi. Hakuhitaji kusikia zaidi: ni Eliya Mtishbi (2 Wafalme 1:8). Vazi lilikuwa limegeuka jina. Na kinachomtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa ndicho chepesi kuigwa kuliko vyote.

Kiebrania kinaongeza uzito. Zekaria analiita vazi hilo aderet se'ar, na maneno hayo mawili hayaonekani pamoja hivyo ila kwingine mara moja tu: Mwanzo 25:25, Esau anapozaliwa mwekundu, mwili mzima kama vazi la manyoya. Sura mbili mbele, Rebeka anamvika Yakobo ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Isaka, ambaye macho yake hayaoni tena, anampapasa: sauti ni ya Yakobo, lakini mikono ni ya Esau. Sikio lilimwambia kweli, naye akaamini vidole. Mimi sisadiki kwamba Zekaria aliyaokota maneno hayo kwa bahati. Anazungumzia udanganyifu wa manyoya, na msikilizaji aliyelelewa na hadithi ya Yakobo angeshtuka mara moja.

Nina ndugu wa karibu aliyempa mtu akiba yake yote kwa sababu ya kanzu na fimbo, kwa hiyo jambo hili naliandika kwa uchungu.

Tazama sasa manabii wa kweli walivyozitendea nguo. Ahiya wa Shilo alilichana vazi jipya vipande 12, akampa Yeroboamu 10. Isaya alivua, akatembea uchi na bila viatu miaka 3. Yeremia aliuficha mshipi wake wa kitani kwenye mwamba mpaka ukaoza. Eliya mwenyewe alilitupa joho lake juu ya Elisha, aliyekuwa shambani akilima kwa ng'ombe. Nguo zao huchanwa, huvuliwa, huoza, hutolewa. Mwongo wa Zekaria yeye anavaa, basi.

Natamani ingeishia hapo, tungekuwa na kipimo rahisi. Lakini hata kitendo huigwa. Sedekia mwana wa Kenaana, nabii wa uongo, alijitengenezea pembe za chuma, akazionyesha mbele ya wafalme wawili waliovaa majoho yao langoni pa Samaria, manabii wapatao 400 wakiitikia ushindi. Ahabu, mmoja wa wafalme hao, akaenda vitani Ramoth-Gileadi, naye akajibadilisha mavazi asitambulike. Mshale ukampata vilevile.

Kinachoniuma zaidi ni Yeremia 28. Yeremia alikuwa amevaa nira shingoni, ishara ya utumwa wa Babeli. Nabii Hanania akaja hekaluni, akaahidi mbele ya makuhani na watu wote kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu vitarudi. Nani asingependa kusikia hivyo? Yeremia alisema amina, Bwana na afanye hivyo. Akakumbusha kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake linapotimia. Ndipo Hanania akaiondoa nira shingoni mwake, akaivunja. Yeremia hakuwa na ishara ya kushindana naye. Wakati ule watu walikuwa na vipande vya nira sakafuni, ahadi tamu masikioni, na nabii mmoja akiondoka zake, shingo tupu.