Punda wa Bibi Arudishwe

Kaseti ilinifikia mimi fundi ndani ya mfuko wa mahamri, mkononi mwa mjukuu, na agizo lake lilikuwa fupi: wimbo wa harusi ya bibi uhamishiwe kwenye flashi, kelele zote zisafishwe.

Kaseti za Lamu huuliwa na hewa ya chumvi. Hii ilikuwa ya dakika 60, thelathini kila upande, na skrubu zake tano zote zimeliwa na kutu. Hapo usilazimishe bisibisi, utavunja kichwa cha skrubu. Tia tone la mafuta ya cherehani, nenda kanywe kahawa, kisha rudi. Kile kipande kidogo cha sufi kinachoukandamiza mkanda kwenye hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti, kilikuwa kimebanduka, na kikikosekana sauti hufifia na kurudi, hufifia na kurudi. Dawa yake ni kuuhamisha mkanda mzima kwenye ganda la kaseti nyingine, ila chagua yenye skrubu, si ile iliyogandishwa kwa gundi.

Mkanda huenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa hiyo ukikata sentimita tano zilizokunjamana, umepoteza sekunde moja tu ya wimbo, wala hakuna atakayelia. Unga kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu haifai: kwa joto letu gundi yake huvuja pembeni na kuugandisha mzunguko wa juu yake. Hedi ipanguse kwa pamba na spiriti. Sauti ikibaki nzito, kama mtu anayeimbia ndani ya mtungi, zungusha kidogo sana ile skrubu iliyo ubavuni mwa hedi hadi nyuzi za udi zing'ae.

Ziking'aa, utasikia kila kitu. Udi, tashkota, dumbaki, na baada ya ubeti wa pili, punda. Alilia sekunde nne kamili, chini ya dirisha lenyewe. Kinasa sauti kilikuwa kimewekwa dirishani juu, walikokaa wanawake, na wapigaji wako kichochoroni.

Mngurumo wa jenereta huondoka kwa chujio la programu kwa sababu umekaa chini kabisa, mbali na sauti ya mwimbaji. Mlio wa punda umetapakaa mle mle anamoimba mtu. Ukimchuja punda, unamchuja na mwimbaji. Basi nikamkata, na pengo nikaliziba kwa kipigo cha udi kilichofuata ubeti wa kwanza. Ilikuwa kazi safi, nasema bila haya.

Baada ya Isha nikaketi dakani, pale barazani mlangoni, na spika. Bibi alikuwa ndani, nyuma ya pazia, pamoja na wifi yake na nusu ya wanawake wa mtaa wa Langoni. Ubeti wa pili ukaisha.

"Zima! Punda wangu yuko wapi?"

"Bibi, nimesafisha ile kelele..."

"Kelele ni hiyo uliyotia wewe! Punda akilia, marehemu anatoka kwenda kumnyamazisha, anarudi na kanzu imechanika bega. Sasa mimi leo nitamwona vipi akitoka?"

Mjukuu akaangalia viatu vyake. Watafiti wa kumbukumbu husema nyimbo zinazoshika zaidi ni zile za ujana, tangu umri wa miaka kumi hivi hadi thelathini, nazo hushika pamoja na vyote vilivyokuwapo. Bibi hakuhitaji mtafiti.

Nakala ghafi nilikuwa nayo, maana hiyo haifutwi kamwe. Nikaiweka. Punda akalia, vigelegele vikapasua pazia, na Bibi akasema polepole, "Huyoo, anatoka." Wimbo ukafika mwisho.

Hapo ndipo ilipotakiwa kuzimwa. Vile vinasa sauti vya zamani hujipandisha nguvu vyenyewe muziki unapokoma: kimya kikiingia, mashine hutafuta chochote kilicho karibu na kukikuza. Mnong'ono wa dirishani hutoka na ukubwa ule ule wa udi. Mtaa mzima ukasikia:

"Pilau hili halina chumvi. Kapika nani?"

"Nani mwingine? Mamake bibi harusi."

Sauti ya kwanza haikuhitaji kutambulishwa. Mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, na sasa hata kukohoa hakohoi.

"Wifi," akasema Bibi. "Ulikula sahani ngapi usiku ule?"

"Ndiyo maana nikajua halina chumvi! Na hata hivyo, hiyo si sauti yangu. Fundi, mkanda ukizeeka si hubadili sauti za watu?"

Nikajibu kwamba mpira wa mashine ukilegea, sauti zote huteremka na kuwa nzito, lakini haumpi mtu sauti ya mwenzake.

"Basi ikate! Kama ulivyomkata punda. Nakulipa mara mbili."

"Ukiikata," Bibi akasema, "hata malipo ya kwanza huyapati. Hebu irudishe nyuma kidogo, nimsikie tena."