Kwa nini goti la mchezaji wa Marekani lina faili na la kwetu halina

Ikifika Aprili hapa Marekani, kaa kwa kinyozi au panda basi, utasikia watu wazima wakibishana juu ya goti la kijana wa miaka 21 ambaye hawajawahi kumwona ana kwa ana. Wanajua ni goti la kulia. Wanajua lilipasuliwa Oktoba. Wanajua menisko yake, kile kipande laini kilicho kati ya mifupa ya goti, ilishonwa, haikukatwa, na wanajua maana yake: ikishonwa, kijana atakaa nje miezi kadhaa lakini goti litadumu, ikikatwa, atarudi baada ya wiki chache, kisha gegedu litaanza kusagika mapema. Hawa si madaktari. Ni mashabiki wanaosubiri drafti ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, yaani zoezi ambalo timu huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni.

Nafurahi kuwasikiliza, na papo hapo napandwa na hasira. Nyumbani Tanzania mchezaji akiumia tunaambiwa "yuko chini ya uangalizi wa daktari", basi. Wiki ya tatu tunamwona benchi, dakika ya 60 anaingia, dakika ya 70 anajitonesha, na kesho yake mtaa mzima unazungumzia kipapai. Hakuna anayeuliza alipimwa nini, na nani, na karatasi iko wapi.

Najua majibu yameshaanza kuandikwa. "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha mpira." Ndugu yangu, mpira wenyewe sikufundishi. Huu ninaouzungumzia hata si wa kwetu, ni ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na wengi nyumbani hawana hamu nao. Ninachotaka ukitazame ni kitu kimoja tu: faili la jeraha.

Wengi wetu drafti tuliijua mwaka 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies kutoka Chuo Kikuu cha Connecticut. Ile ilikuwa ya kikapu. Hii ya futiboli ya Marekani ina timu 32 na raundi 7. Mwaka 2025 walichaguliwa vijana 257. Tangu 2011 mkataba wa kwanza unafuata namba uliyochaguliwa, kwa hiyo kushuka nafasi 30 kutoka juu ni kupoteza mamilioni ya dola. Kama kuna mchezaji duniani mwenye sababu ya kuficha goti, ni huyu. Na hafichi, kwa sababu utaratibu haumpi pa kuficha.

Mwishoni mwa Februari vijana zaidi ya 300 hukusanywa Indianapolis kwenye kinachoitwa Combine. Televisheni inaonyesha mbio za yadi 40 na kunyanyua chuma cha pauni 225, lakini kiini cha safari ni hospitali. Kambi ya kwanza ya namna hii, Tampa mwaka 1982, iliitishwa hasa ili timu zipate vipimo vya afya kwa pamoja badala ya kila moja kumwita kijana yule yule kwake. Kijana anafika na historia yake ya chuo: kila upasuaji, kila picha, kila jeraha lililomweka nje. Anatia saini isomwe. Halafu anapita chumba hadi chumba, na madaktari wa timu mbalimbali wanalivuta goti lile lile. Goti hukunjwa kidogo, nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja unashika paja, mwingine unauvuta mfupa wa chini kuja mbele. Ligamenti, ule utepe unaofunga mfupa kwa mfupa, ikiwa nzima, mvuto unagota ghafla. Ikiwa imekatika, mfupa unaendelea kuteleza. Baada ya hapo eksirei, MRI, picha inayoonyesha hadi ligamenti na menisko, kwa waliowahi kuumia, na mashine ya kupima nguvu ya paja moja dhidi ya jingine. Waliopasuliwa karibuni huitwa tena Aprili, wiki chache kabla ya drafti, waonekane wamefika wapi.

Si goti tu. Tua Tagovailoa wa Chuo Kikuu cha Alabama nyonga yake ilichomoka Novemba 2019 na ukingo wa mfupa ukavunjika. Nyonga ikichomoka, damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja inaweza kukatika, mfupa ukafa polepole huku mtu anatembea. Ndicho kilichommaliza Bo Jackson, nyota wa zamani wa NFL, kwenye futiboli mwaka 1991. Kwa hiyo Tua hakuulizwa anajisikiaje. Alipigwa picha, ikasubiriwa, akapigwa nyingine. Aprili 2020 Miami Dolphins walimchukua wa 5.

Sasa mfano unaoniuma zaidi, Jaylon Smith wa Notre Dame. Alitajwa miongoni mwa vijana bora kabisa wa drafti ya 2016. Januari 1 ya mwaka huo, katika mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Ohio State, goti la kushoto lilikatika ligamenti mbili, na mshipa wa fahamu unaopita nje ya goti ukajeruhiwa. Mshipa huo ndio unaonyanyua wayo. Ukizimika, vidole vinaburuza. Ligamenti daktari anaweza kuiunda upya. Mshipa wa fahamu unauacha uamke wenyewe, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba utaamka. Timu nyingi zilimwogopa. Dallas Cowboys, ambao daktari wao ndiye aliyempasua, walimchukua wa 34. Msimu wa 2016 hakucheza kabisa, wa 2017 akacheza na kifaa cha kushikilia mguu ndani ya kiatu, na 2019 akaitwa Pro Bowl, ile mechi ya nyota wa ligi.

Tazama kilichotokea hapo. Jeraha halikufichwa, na lilimgharimu kweli. Lakini aliyemnunua alinunua akijua, na akakubali kusubiri mwaka mzima. Hakuna aliyeamka Desemba akapiga kelele kwamba kauziwa mchezaji mbovu, wala mkataba haukuchanwa katikati ya msimu. Tena kijana alikuwa na bima ya kushuka thamani: unakata ukiwa mzima, ukishuka kwenye drafti chini ya kiwango kilichoandikwa kwa sababu ya jeraha, inakulipa. Iliripotiwa alipata dola 900,000. Bima hiyo haiwezekani bila faili, maana kampuni nayo inataka kujua goti lilikuwaje kabla.

Hapo ndipo mjadala wetu wa nyumbani huwa unapotea. Tunasema, "Ukiandika jeraha, kijana hasajiliwi, familia inalala njaa." Hoja hii naiheshimu, kwa sababu njaa hiyo ni ya kweli. Ila iangalie mpaka mwisho. Kijana anaficha, anasajiliwa Julai kwa sindano na dawa ya kupuliza, Septemba goti linavimba, Oktoba anaitwa mvivu, Novemba mshahara unaanza kusuasua, Januari dirisha dogo linafunguliwa anaachwa. Na sasa goti lililokuwa na ligamenti moja iliyokatika lina na menisko iliyochanika, maana goti lisilo na ligamenti ya mbele hucheza kila anapogeuka, na kila likicheza linasaga menisko. Njaa tuliyotaka kuikwepa imekuja miezi sita baadaye, pamoja na kilema.

"Marekani wana hela." Wanazo, sibishi. MRI ni ghali, na upasuaji ni ghali zaidi. Lakini ujuzi tunao. MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanapasua magoti, na tuna wataalamu wa mazoezi tiba ambao wakipewa mgonjwa mwenye subira wanafanya kazi safi. Kinachotushinda hakiko kwenye mashine. Kiko baada ya upasuaji, kwenye miezi ile ambayo haihitaji umeme wala dola, na ndiyo tunayoiharibu.

Ligamenti mpya hutengenezwa kwa kipande cha kano, la mbele ya goti, la nyuma ya paja au la juu ya goti. Kikishawekwa kinakuwa hakina damu yake, na mwili unachukua miezi kukifanya kiwe hai. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi ndipo kinapokuwa dhaifu kuliko siku zote. Wiki hizo hizo uvimbe umeshaisha, maumivu yameisha, kijana anapanda ngazi vizuri, na kiongozi anapiga simu kuuliza "vipi, derby upo?" Mchezaji anajiona mzima wakati ambao ni hatari kuliko wote. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Kijana wa chuo hapa hasogezwi kwa kujisikia. Wiki mbili za kwanza kazi ni goti kunyooka mpaka mwisho na paja kuamka. Goti lisiponyooka mapema, atachechemea kwa muda mrefu sana. Kukimbia mbele kwa mstari ulionyooka huja karibu mwezi wa 3 au wa 4, tena kama goti halivimbi kesho yake. Kugeuka kwa kasi ni baadaye. Mechi si kabla ya mwezi wa 9, na hata ukifika, nguvu ya paja lililopasuliwa lazima iwe angalau asilimia 90 ya lile zima.

Hayo mengi unaweza kuyapima kwenye uwanja wa shule. Futi kamba ya fundi cherehani: zungushia paja sentimeta 15 juu ya kifupa cha goti, andika kulia na kushoto. Benchi: akae, ainuke kwa mguu mmoja, hesabu mara ngapi kila upande. Kuruka kwa mguu mmoja na kutua kwa huo huo, pima umbali. Hapa tahadhari moja, kwa sababu makocha wengi huishia kwenye kuruka: nyonga na kifundo hulisaidia goti, kijana anaruka sawasawa miguu yote miwili huku paja bado limelala. Usimpitishe kwa kuruka peke yake. Piga video kwa simu akitua, uone kama goti linaingia ndani. Andika tarehe. Rudia kila wiki 4. Daftari moja linatosha timu nzima.

Nimesema haya si kwa kuwasifu Wamarekani, maana wana ya kwao yanayochefua. Madaktari wale wa Indianapolis wanalipwa na mnunuzi, hawamtibu kijana. Siri za mwili wake zinavuja hadi kwenye televisheni, na watu wanazicheka. Kwa miongo mingi vijana hawa walijaza viwanja vya watu 100,000 bila mshahara. Ni Julai 2021 tu waliporuhusiwa kupata pesa za matangazo kwa majina yao, na 2025 vyuo vikaanza kuwalipa moja kwa moja. Maelfu wanamaliza chuo na hawachaguliwi, magoti wanaondoka nayo. Sharti la vyuo vya daraja la kwanza kuwahudumia kiafya kwa angalau miaka 2 baada ya kuacha kucheza lilianza Agosti 2024. Fikiria walichelewa kiasi gani, na utajiri wote huo. Ndiyo maana wachezaji wenyewe wamejifunza. Tangu Leonard Fournette na Christian McCaffrey walipokataa kucheza mechi za mwisho wa msimu wa 2016, kisha wakachaguliwa wa 4 na wa 8, vijana wengi wanafanya hivyo. Mashabiki wanawaita wasaliti. Mimi nawaona wana akili.

Na faili haliponyi. Marcus Lattimore wa South Carolina aliumia goti la kushoto 2011, la kulia likateguka vibaya na ligamenti zake kukatika 2012. Kila timu ilijua. San Francisco 49ers walimchukua raundi ya 4 mwaka 2013, wakamsubiri, na 2014 alistaafu bila kucheza hata mechi moja ya ligi. Lakini aliacha kwa uamuzi wake, akiwa anatembea, bila mtu kumwambia karogwa.

Halafu kuna David Ojabo, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Scotland. Machi 2022 kano la kisigino lilimkatika akifanya majaribio mbele ya maskauti, wiki chache kabla ya drafti. Kwetu tungesema nyota imezimwa. Baltimore Ravens walimchukua wa 45, maana kano la kisigino kwa kijana wa umri ule daktari anaweza kukadiria linarudi kwa muda gani.

Atakayesema faili litatumiwa kumnyonya mchezaji ana haki ya kuogopa, na jibu lake ni kwamba faili liwe la mchezaji. Klabu ibaki na nakala, yeye awe na la kwake: karatasi ya upasuaji inayosema kilichokatwa na kilichoshonwa, CD ya MRI na si maelezo ya mdomo, namba za paja na tarehe zake. Dada, mama, mjomba anayemsimamia kijana, iombe karatasi hiyo siku ya kuruhusiwa hospitali, kabla hamjapanda gari. Vijana wa U-20 tunawagombania vyeti vya kuzaliwa kila mwaka, kamati zinakesha, rufaa zinakatwa. Kwenye fomu hiyo hiyo iongezwe mistari minne: goti gani, lini, nani alilitibu, na leo lina nguvu kiasi gani kulinganisha na jingine.